Kilomita Sita za Vumbi

Kila familia iliruhusiwa gari moja kwa miaka kumi, na ilichagua mara moja tu. Gari la lami lilijizima lami ilipokwisha. Gari la vumbi lilipanda mlima wowote, lakini halikuingia mjini. Kwa sura yalifanana.

Ambwene aliweka fomu mezani. Mama yake alihitaji kusafishwa figo mara mbili kwa wiki, na hospitali ilikuwa mjini.

"Jaza la vumbi," mama alisema. "Nataka kuzikwa kijijini, kando ya baba yako."

"Bila hospitali humalizi mwezi, mama."

"Na hilo la lami litanifikisha kijijini?"

"Litaishia njia panda. Zitabaki kilomita sita."

"Kule wamebaki vikongwe watupu. Nani atabeba jeneza? Maiti haitembei, mwanangu."

Ambwene alijaza la lami.

Asubuhi iliyofuata mkewe, Sekela, alimkuta mama mkwe akizunguka nyumba kwa fimbo.

"Pumzika, mama."

"Usinipotezee hesabu. Huu ni wa saba."

Wiki ya tatu alifikisha mizunguko arobaini kwa asubuhi moja. Sekela alipima kwa hatua: kilomita mbili na nusu kati ya zile sita. Hakumwambia Ambwene.