Kereng'ende wa Manjano

Bi Mashavu alikaa ukumbini na sanduku la kereng'ende waliokaushwa na kuchomekwa kwa pini mapajani, akimngojea mtaalamu wa wadudu. Jana ilikuwa arobaini ya binti yake Zamda, aliyezama bwawani akiwawinda hao hao. Nguo za marehemu zilikwisha kugawiwa. Lilibaki sanduku hilo tu.

Mtaalamu alipofika alitoa pole, kisha akafunua kifuniko.

"Kitendawili, mwanangu," Bi Mashavu akasema.

"Tega, mama."

"Ndugu wawili: mmoja hulala amejitandaza, mwenziwe hulala amejikunja. Zamda alinitega hicho kila siku."

"Ni kereng'ende na binamu yake mwembamba," alijibu, akatabasamu kidogo. "Huwa tunawatenganisha kwa mabawa yao wanapotua: mmoja huyatandaza, mwenziwe huyakunja. Zamda kawapanga vizuri sana."

"Sasa mtazame huyo wa manjano, aliye peke yake pembeni. Zamda alisema aina yake haijajulikana bado. Mtampa jina la mwanangu, sivyo?"

Mtaalamu akainama na kioo chake cha kukuzia, akakawia mno.

"Mama, huyu ni jike la wale wekundu wa safu ya juu. Dume na jike hawafanani rangi. Wengi hukosea hapo."

Bi Mashavu akalivuta sanduku karibu.

"Basi asikae peke yake," akasema. Akamng'oa na pini yake, taratibu, akamchomeka katikati ya wale wekundu.

Pale alipomtoa pakabaki kitundu kidogo. Bi Mashavu akakiziba kwa ncha ya kidole, na mtaalamu alipoaga, kidole kilikuwa bado pale pale.