Alhamisi ya Keith Bwawani

Funza watatu walikuwa wakinyonganyonga ndani ya mdomo wa chini wa Keith Oddy, naye anaongea tu, hana habari.

"Nawapasha joto, dada. Na baridi hii wanalala, na samaki hataki chambo kilicholala." Akamchomoa mmoja mdomoni, akamtundika kwenye ndoana.

Lorna Pym alimeza mate, akajuta kuyameza. Ndiye huyu atakayemlisha mama? Kwa vidole hivyo?

Lakini alikuwa hana jinsi. Mama yake alikuwa na miaka themanini na tisa, yuko kitandani mwaka wa pili, ngozi imekuwa nyembamba hata shuka likikunjika linamchuna. Watunzaji wawili waliotangulia walimgeuza kama gunia la viazi, mgongo ukachimbika vidonda. Daktari alishasema wazi: kidonda kingine kama kile, na mama haponi. Sasa Keith, ambaye tayari anamtunza mzee mmoja, ameomba kazi. Barua za sifa Lorna hakuzitaka, kila mtu anazo. Alitaka kuiona mikono yenyewe ikifanya kazi, na Keith akamwambia basi njoo bwawani Alhamisi. Akaja. Marehemu baba yake Lorna, mfuga mbwa, alikuwa akisema mtu mpole kwa mnyama hawezi kumtesa binadamu, na kijijini kwao hakuna aliyewahi kulipinga hilo.

Fimbo ya kuvulia ikapinda. Baada ya mvutano mrefu Keith akaingiza wavu majini, akatoka na lijisamaki jeusi, nene, linanuka tope, ute unaning'inia kama kamasi za mtoto. Lorna akaziba pua.

Keith, ambaye huvua kwa burudani tu na kila samaki humrudisha majini, kwanza alichovya mikono majini hadi viwikoni.

"Mkono mkavu unamkwangua ute, dada. Na huo ute ndio kinga yake. Ukimkwangua, anaanza kuoza angali hai."

Akamlaza kwenye godoro dogo alilokwisha kulilowesha, akamfunika macho kwa kitambaa kibichi ili atulie. Akafanya kila kitu akiwa amepiga magoti; ukisimama naye akakuponyoka, alisema, umemuua. Ndoana akaichomoa kwa koleo, polepole. Akapaka dawa mdomoni, kisha akakuta kidonda cha zamani ubavuni, nacho akakipaka. Na kila baada ya muda mfupi alimmiminia maji.

"Asikauke, maskini. Pole, bibi. Pole mpenzi wangu, tunamaliza."

Kisha, mwaa! akambusu kichwani. Midomo ileile ya funza! Lorna aligeuza uso. Lakini machozi nayo yalikuwa yakimlengalenga, kwa kuwa katika miaka miwili yote hakuna mtunzaji aliyewahi kumwambia mama yake pole.

Keith alimrudisha majini, akamshikilia kwa mikono miwili bila haraka, mpaka samaki mwenyewe alipopata nguvu na kuondoka.

"Na yule mzee unayemtunza sasa," Lorna aliuliza, "leo yuko na nani?"

"Bwana Hobday? Ametulia, hana neno. Alhamisi zote hutulia. Watoto wake wako Australia, kila Jumapili wananipigia simu kunishukuru."

Lorna hakuhitaji zaidi. Akatoa ufunguo wa nyumba ya mama yake.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Wakapeana mikono. Wa Keith ulikuwa umejaa ute, unateleza, unanuka. Lorna aliushika hivyohivyo, akajilazimisha kutabasamu. Kinyaa si kitu, alijiambia; kinyaa kinaoshwa kwa sabuni.

Njia nzima ya kurudi kwenye gari alijifuta kiganja kwenye koti, na harufu haikubali kutoka. Alipofika maegeshoni tumbo lilimzidi. Hapakuwa na gari jingine ila lake na la Keith, la mizigo, basi akaliegemea hilo la Keith, akainama atapike.

Kioo cha gari kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Kiganja kikaupangusa kutoka humo ndani.

Lorna alishtuka, akasogeza uso. Kilikuwa kizee cha kiume, kimevaa nguo za kulalia, kimefungwa mkanda kitini. Kioo kilikuwa kimeachwa wazi upana wa kidole kimoja tu, na hapo ilipenya harufu ya mkojo iliyoishinda ile ya samaki. Midomo ya mzee ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Binti," alinong'ona, "ameshamaliza? Mwambie nimejikojolea."

Kisha akatupa jicho kule bwawani.

"La, la. Tafadhali, binti, usimwambie."