Saa ya Nusu Bei

Fifi alikuwa amefunga begi lake tangu juzi, na kila asubuhi alilifungua kidogo kuhakikisha hakuna kilichotoroka kabla yake.

Kilichobaki ni neno moja tu la mama yake, Mama Pétronille, na neno hilo lilikuwa halitoki. Papa Gisubizo, wakala anayepeleka vijana kufanya kazi ng'ambo, alikuwa amesema gari litaondoka mji wa Kitshanga Ijumaa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Huu ulikuwa mwaka wao wa tatu katika kambi ya waliokimbia vita, Kashuga, mashariki mwa Kongo. Kutoka mlangoni pa kibanda chao cha turubai, Fifi aliliona shamba la marehemu baba yake upande wa pili wa bonde, na aliwaona watu asiowajua wakivuna maharage humo. Kule juu kulikuwa na wenye bunduki. Barabara ya chini nayo hufunguka siku mbili, ikafungwa kumi. Diploma yake ya shule aliifunga kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe. Miaka ishirini na miwili, na dunia yake yote iliishia kwenye bomba la maji. Alikuwa amechoka mpaka amechoka kusema amechoka.

Kaka yake Magloire ndiye aliyechomoka. Papa Gisubizo alipokuja kumchukua mwaka jana, Mama Pétronille alimpokea kama inavyotakiwa: alimletea bia, akaifungua mbele ya macho yake, akaweka kifuniko mezani. Katika familia ile jambo hilo halikuwa na mzaha. Baba yao, Papa Polycarpe, aliwahi kumwaga chupa nzima kwenye harusi ya dada yake mwenyewe kwa sababu ilifika bila kifuniko. "Sumu haina harufu," alisema, na shemeji zake hawakumsamehe mpaka alipokufa.

Sasa Magloire yuko Bangkok, na kazi yake, kwa kumsikiliza, ni kutafuta vinywaji. Kila wiki Fifi alipanda kwenye jiwe la juu ya kambi, pale simu inapokamata mtandao, akarudi na sauti ya kaka yake. Kule, alisema Magloire, kuanzia saa kumi na moja jioni baa zinauza kila kitu nusu bei mpaka saa moja. Kazi ni kujua kuchagua. Kuna baa iliyo juu kabisa ya ghorofa, mji mzima uko chini ya miguu yako. Kuna nyingine kando ya mto, wanakuchanganyia pombe na tangawizi na ndimu, barafu tele. Kuhusu kazi yenyewe hakusema neno. Fifi naye hakuuliza. Mtu anayekunywa ghorofani anaulizwa nini tena?

Jana ulikuja ujumbe mpya. Waliusikiliza pamoja, wamekaa juu ya madumu.

"Mama, Fifi akuje. Papa Gisubizo atapanga yote, musikawie. Ile saa ya nusu bei iko muzuri sana. Huku hakuna kusumbuka: chupa zinakuja zimeshafunguliwa, hata haumuone mwenye kufungua, sisi tunakunywa tu. Marehemu papa angefurahi sana na hii fasi ya huku. Fifi akuje."

Fifi alicheka. Raha gani hiyo, hata chupa unafunguliwa! Mama Pétronille hakucheka. Aliomba urudiwe. Aliusikiliza mara tatu, na mara ya nne akaenda na simu nyuma ya kibanda peke yake. Aliporudi alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda misa.

"Mama, niende ao nisiende?"

"Papa Gisubizo akuje kesho. Nitamujibu yeye mwenyewe."

Anaogopa kubaki peke yake, aliwaza Fifi. Anataka tuoze hapa wote wawili. Aliona haya kwa wazo hilo, lakini hakulifuta.

Leo Papa Gisubizo alifika saa nne kwa pikipiki, viatu vikiwa havina tope, na kwa Kashuga huo ni muujiza. Aliketi, akatandaza karatasi mezani, akampa Fifi kalamu.

"Magloire ananisumbua kila siku," alisema. "Dada yangu, dada yangu! Kule batu wanaishi, Mama. Hapa munangoja nini?"

"Uko na haki, Papa," alijibu Mama Pétronille kwa upole. "Lakini kwanza ukunywe kitu. Umetoka mbali."

Moyo wa Fifi ulipiga vigelegele. Humkirimu bia mtu unayetaka kumfukuza. Alitafuta kwenye karatasi mahali pa kutia sahihi.

Mama Pétronille aliingia kibandani, akakawia, akatoka na chupa ameishika kwa mikono miwili. Aliiweka mbele ya mgeni. Fifi alitafuta kifuniko kwa macho. Mezani hakikuwepo. Mikononi mwa mama hakikuwepo. Ndani ya shingo ya chupa povu lilikuwa limekwisha kutulia.

Aibu ilimshika. "Mama, umesahau ku..."

"Sijasahau kitu." Mama Pétronille aliketi, akamtazama mgeni usoni. "Kunywa, Papa. Ndiyo vile Magloire anakunywaka kule ulimupeleka."

Papa Gisubizo aliitazama chupa. Mkono wake haukuondoka gotini. Ndipo Fifi alipokumbuka: marehemu papa angefurahi, yule aliyemwaga chupa nzima kwa sababu ya kifuniko.

"Haukunywe?" alisema Mama Pétronille. "Basi uniambie, mutoto yangu mulimufungia wapi?"