Bahari Iliyokolea Chumvi

Nthenya alichovya kidole katika tangi la kioo, akakilamba, akakunja uso.

"Baba watoto, bahari yako imekolea chumvi kama mchuzi uliosahauliwa jikoni."

Mumewe, fundi wa reli, alikuwa ameyapakata matumbawe hai ya tangi hilo kwenye treni tangu Mombasa kama mtoto mchanga. Sasa ilikuwa siku ya tatu yamejifunga, yamevificha vidole vyake laini, hayana tofauti na kokoto za reli. Kila joto la mji wao wa Sultan Hamud lilipopunguza maji, yeye alijazia maji mengine ya bahari kutoka kwenye jerikeni.

"Usiguse. Wewe mtu wa Zombe, bara kavu, unajua nini habari za bahari?"

"Ya bahari sijui. Lakini mchuzi ukikauka, huongezi chumvi."

Akainua jagi la maji ya mvua, akamimina polepole.

"Basi umeyaua," mumewe akasema, akaketi kama mtu aliyefiwa.

Chai ya Nthenya ilikuwa haijaisha kikombeni wakati kidole cha kijani, chembamba kama uzi, kilipochungulia kutoka kwenye jiwe. Kikafuata cha pili. Kisha mamia, yote yakipepea majini kama mtama uliopata upepo.

Mumewe alikimbilia mlangoni bila viatu.

"Majirani," aliita, "njooni muone matumbawe ya mke wangu."