Vumbi la Mgongoni

Enzi hizo wanyama walipigana mieleka bila filimbi, na hukumu ilikuwa mgongoni. Aliyeanguka aligeuka mwenyewe, aliyemwangusha akamfuta vumbi, kisha wakaenda kunywa maji pamoja. Mzee Nyegere aliyakumbuka hayo kila alipokwenda kutazama mashindano ya watoto, maana siku hizi mwamuzi alikuwa Nyani, filimbi shingoni na mwanawe uwanjani.

Siku hiyo mjukuu wa Nyegere alikamatana na mtoto wa Nyani. Akamzungusha, akambwaga chali, pu! Nyani akapuliza filimbi na kuuinua mkono wa mwanawe.

“Mshindi huyu hapa!”

“Mwamuzi, aliyelala chali si huyo huyo?” akauliza Nyegere.

“Mzee, mambo yenu yamepitwa na wakati. Sasa kuna sheria.”

Nyegere akamtazama usoni. Alimkumbuka Nyani huyu alipokuwa mdogo, ameangushwa, analia, na yeye Nyegere anampangusa mgongo taratibu mpaka anacheka.

Mara mtoto wa Nyani akauchomoa mkono wake, akamwendea mjukuu wa Nyegere na kugeuka, mgongo umejaa vumbi.

“Nifute, ndugu yangu.”

Nyani akafoka, “Nani kakufundisha upuuzi huo?”

Mtoto akashangaa. “Si wewe, baba? Kila jioni unatusimulia Mzee Nyegere alivyokuwa akikufuta vumbi.”

Filimbi ikamponyoka Nyani mkononi. Nyegere akatazama pembeni, asije akamwona akilia tena.