Nafasi Iliyokaa Bure

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa ameshaanza kusafisha diski pale daktari wa watoto alipoingia bila kubisha hodi.

"Dada, kuna picha nimezifuta kwa bahati mbaya. Za yule mtoto wa uvimbe kichwani, tunampasua kesho. Zinaweza kurudi?"

Fundi akageukia skrini. Kompyuta pepe, ile iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta kubwa ili itunze picha za wagonjwa, ilikuwa ikijaza sifuri kila mahali palipo wazi, ili nafasi iliyokaa bure ipate kurudishwa kwenye diski kuu iliyojaa. Kilichofutwa bado kilikuwa humo, mpaka sifuri zikifikie.

"Si mumpige picha upya?"

"Hawezi. Ile dawa ya kupigia picha nusura imuue."

Fundi akaweka kidole juu ya kitufe cha kusimamisha kazi. Ukucha ulikuwa umepasuka, na aliuona ufa ule vizuri kuliko alivyoiona skrini. Akibonyeza, diski kuu itabaki imejaa, na chumba cha picha hakitaweza kumpima mgonjwa mwingine yeyote.

Akabonyeza.

"Zipo?" daktari aliuliza.

"Sijui bado. Kaa hapo, usiguse kitu."

Simu ya mezani ikalia. Walikuwa wa chumba cha picha.

"Dada, nafasi imepatikana? Tumeletewa mtu wa ajali, kaumia kichwa, na mashine inakataa."

Daktari alikuwa amesikia. Akainamisha macho.

"Bado," fundi akasema, na akakata simu kabla hajaulizwa mpaka lini.