Jina la Mwenye Duka

"Toa noti, babu, nikupunguzie elfu mbili," Dalila alisema. "Kwenye simu kuna makato."

Siku ile ya kwanza Faraji Nalinga akajua hapo pana jambo. Duka gani la Chuno linakataa pesa ya simu, tena bango la lipa namba limo ndani, limefunikwa na kalenda?

Na ile salfa aliyouziwa, dawa ya mikorosho, aliijua. Mifuko ilikuwa na muhuri wa ruzuku, wa kugawiwa wakulima, haiuzwi. Kijijini kwao, upande wa Mpapura, walipanga foleni tangu alfajiri kujiandikisha. Karani akamwambia kidole hakijasoma, weka tena. Akaweka mara nne, kwenye kimashine kama kile cha kusajili laini za simu. Msimu ukafika, salfa haikufika, wakubwa wamekula. Sasa ubwiri unga unakausha maua ya mikorosho aliyopanda na marehemu mkewe, Nuru, na hana kingine duniani.

Kituo cha polisi alikwenda mara tatu. Wakamwambia alete jina la mwenye duka, mifuko yote itarudi kijijini. Dalila naye, muuzaji tu, aliapa tajiri hamjui. Hutuma watu kuchukua noti, kila siku sura nyingine.

Leo Faraji hakuja peke yake. Koplo Mikaeli, kavaa kiraia, alikuwa pembeni akijifanya anachagua jembe.

"Nalipa kwa simu," Faraji akasema. "Nataka pointi zangu za mtandao."

Dalila akacheka. "Pointi utalia ugali?"

"Nitalia. Na hayo makato nilipe mimi. Nimekatwa sana, haya hayataniua."

Akainua kalenda kabla hajazuiwa, akabonyeza namba moja moja. Simu hutaja jina la anayelipwa kabla hujaweka namba ya siri. Hilo Dalila alilijua, maana kicheko kilimkauka mdomoni.

Kioo kikawaka. Faraji hakukitazama. Miaka yote serikali ilimsomea yeye majina ya wenye makosa. Leo alitaka isome jina la mkubwa, kwa mdomo wake, mbele za watu. Akampa koplo simu.

"Soma kwa sauti, afande. Huyo ndiye mwizi wetu. Mkamate leo leo."

Koplo akasoma kimya kwanza. Akamtazama mzee, akarudi kwenye kioo.

"Faraji Hamisi Nalinga," akasoma, na mkono wake ukashuka kiunoni, kwenye pingu.